The Avengers (2012): inapobeba na inapolegea

Mkuu uliyeanzisha uzi umeuliza kama The Avengers ya 2012 ni muvi nzuri kweli au ni wingi wa mastaa tu. Ni nzuri, tena sana, ila uzuri wake mkubwa hauko kwenye vita ya New York kama wengi wanavyosema. Uko katikati, ndani ya ile meli ya kivita inayoruka, pale mashujaa wanapogombana.

Muvi za aina hii zinabanwa na muda. Hapa una mastelingi sita (Iron Man, Captain America, Thor, Hulk, Black Widow na Hawkeye) na dakika 143. Ukimsimulia kila mmoja tangu mwanzo, muda unakwisha adui hajaingia. Marvel walitanguliza muvi tano kati ya 2008 na 2011, kwa hiyo Iron Man, Thor na Captain America wanaingia tukiwa tunawajua. Justice League ya 2017, ya washindani wao DC, haikuwa na akiba hiyo. Flash, Aquaman na Cyborg ilibidi watambulishwe humo humo ndani ya saa mbili, na Cyborg ndiye aliyeumia zaidi. Mwongozaji wake, Zack Snyder, alimrudishia nafasi yake katika toleo la 2021, lakini toleo hilo lina saa nne.

Akiba peke yake nayo haitoshi. Joss Whedon, aliyeiandika na kuiongoza, anawagonganisha mashujaa kabla ya kuwaunganisha. Angalia pambano la msituni. Thor anampiga Iron Man kwa radi, radi inaijaza ile suti nguvu hadi asilimia 400, kisha nyundo inatua kwenye ngao ya Captain na miti inalala chini. Kwa pambano moja tumeshajua kila mmoja ana uwezo gani, na kwamba hakuna atakayemtiisha mwenzake. Baadaye, kwenye maabara, Captain anamwambia Tony Stark, yaani Iron Man, usoni kwamba si mtu wa kujitoa kwa ajili ya wengine. Karibu saa moja mbele, Stark ndiye anayebeba kombora la nyuklia na kulipitisha kwenye tundu la angani ambalo jeshi la adui linaingilia. Hakuna anayekuja kukukumbusha yale maneno. Huo ndio uandishi ninaoupenda: ugomvi wa katikati unalipwa kwa kitendo mwishoni.

Vita yenyewe inaeleweka kwa sababu Captain anagawa kazi waziwazi kabla haijachanganya. Hawkeye juu ya jengo aangalie mienendo ya adui, Iron Man azuie wanaotoka nje ya eneo, Thor azibe lile tundu kwa radi, Captain na Black Widow wabaki barabarani, Hulk avunje. Baada ya hapo kila kipande unajua nani yuko wapi na anafanya nini. Ndiyo maana ile picha ndefu inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kuonekana kukatwa inafanya kazi: mtazamaji ana ramani kichwani tayari.

Sasa kasoro. Kubwa kwangu ni jeshi la Chitauri, wale viumbe wanaotoka angani. Hakuna hata mmoja mwenye jina lake, hawana nia, na meli yao kuu ikilipuka wote wanaanguka kama taa zilizokatiwa umeme. Hapo jasho lote la barabarani liliokoa watu, ndiyo, lakini halikuamua ushindi. Loki, ndugu wa kulelewa wa Thor anayewaongoza, anaibeba nafasi ya adui kwa ufundi wa Tom Hiddleston. Jeshi alilopewa halifanani naye.

Hulk ana tatizo la mantiki. Ndani ya meli hajitambui, anamkimbiza Black Widow nusura amuue. New York anabadilika kwa hiari na kuchagua wa kumpiga. Bruce Banner, mtu anayegeuka kuwa Hulk, anatoa maelezo ya sentensi moja kwamba ana hasira muda wote. Sentensi ni tamu, na Mark Ruffalo anaisema vizuri, lakini haijazi pengo. Ilihitajika sini moja ya kuonyesha amejifunza lini.

Hawkeye anatekwa akili dakika za mwanzo na kurudi nusu ya muvi imepita, hivyo hapati muda wa kugombana na wenzake wakati ugomvi ndio injini ya hadithi. Ufunguzi wa muvi, kule kambini Loki anapotokea, una giza na kukimbizana na watu ambao bado hatuwajali. Kuhusu picha, walichagua fremu ya 1.85:1, yenye kimo zaidi, ili Hulk na maghorofa yaenee. Mjini inasaidia. Ndani ya meli, vyumba vinaonekana kama seti ya tamthilia ya televisheni.

Kifo cha Coulson, ajenti wa S.H.I.E.L.D. (shirika linalowakusanya mashujaa), kinafanya kazi yake ndani ya muvi hii, ila 2013 alirudishwa kwenye tamthilia ya Agents of S.H.I.E.L.D., na ukijua hivyo uzito unapungua.

Kama hujaitazama, anza na Thor na Captain America: The First Avenger, zote za 2011, maana Loki na Tesseract, ule mchemraba wa bluu wenye nguvu ambao Loki anauiba, vinatokea huko. The Incredible Hulk unaweza kuiruka. Hata mwigizaji wa Banner alibadilishwa. Na usitafute toleo la kutafsiriwa na DJ kwa mara ya kwanza. Sauti yake inafunika mabishano, na mabishano ndiyo muvi yenyewe.