Kabla Hujanunua Kizimba cha Propela

Msomaji mmoja wa Pangani ameniandikia kwamba amenunua boti ya faiba na injini ya nguvu farasi 15, anataka kuwatembeza wageni mtoni wakati wa jioni, na fundi wake amemshauri achomelee kizimba cha nondo kuizunguka propela ili isigonge mchanga wala visiki. Ananiuliza, "Kaka, nikishakifunga nitakuwa salama?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba asubiri kwanza, kisha nikaona suala lenyewe linatuhusu wengi tunaotaka kuishi kwa boti zetu wenyewe badala ya kuendesha za matajiri.

Mimi kazi hii nimeifanyia Bagamoyo, nikitoka ufukweni na kuingia Mto Ruvu, ambao humwaga maji yake kaskazini mwa mji baada ya kusomba matope tangu milima ya Uluguru. Anayeufahamu mlango wa mto huo anajua kwamba mafungu ya mchanga hayakai mahali pamoja: masika ikipita, njia uliyoizoea Februari huenda imefukiwa, na maji yamejichimbia nyingine kando ya mikoko.

Boti niliyoiendesha zamani ilikuwa ya tajiri mmoja ambaye jina lake halina kazi hapa. Alikuwa ameiondoa propela ya alumini na kuweka ya chuma cha pua, akijisifu kwamba hiyo haivunjiki. Siku moja ya bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakiwa yameshaanza kupwa kwa nguvu, nilimweleza kwa simu kwamba ni heri wageni wabaki ndani ya mto hadi maji yarudi. Akaniamuru nitoke, kwa kuwa gari la kuwarudisha Dar es Salaam lilikuwa likisubiri. Nilitoka taratibu, nimewasogeza abiria mbele ili tezi, yaani nyuma ya boti, iwe nyepesi, mwenzangu akipima maji kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, na bado pale mlangoni tuligonga gogo lililofukiwa nusu mchangani. Propela kweli haikuvunjika, ila kishindo kilipita kwenye shafti kikaishia kwenye gia, meno yakakatika, nasi tukapwelewa hapo hadi usiku. Gharama ya gia ilikatwa kwenye ujira wangu. Tajiri huyo tukikutana namsalimu kwa adabu, lakini nisiseme uongo, jambo lile halijanitoka moyoni, na hufurahi kila ninapomwona nahodha wake wa sasa akingoja boti yangu itangulie mlangoni ndipo naye afuate.

Kwa hiyo ninaposema kwamba kinga ya kwanza ya propela ni kuyajua maji, sikuyaokota maneno hayo barazani. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, ilhali wakati wa maji mafu, yaani kati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hupungua sana. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo kijana anayewaahidi wageni safari ya saa tisa alasiri siku zote ameshaiuza propela yake kabla hajawasha injini. Ingia mtoni maji yanapojaa. Ukikwama wakati huo, maji yenyewe yatakuinua. Ukikwama yanapopwa, utalala na mbu wa mikokoni, na wageni wako hawatarudi tena wala hawatamleta mwenzao.

Ukishaingia, usome mto. Kwenye kona, kina kiko upande wa nje, ambako mkondo hula ukingo, na mchanga hujilaza upande wa ndani. Wengi hukata kona kwa ndani ili wafupishe safari, na ndio hao hao wanaolalamika kwamba propela za siku hizi ni dhaifu. Viwimbi vidogo vinavyochezacheza mahali pamoja palipo shwari pembeni mwake huonyesha kwamba chini kuna fungu au kisiki. Maji ya Ruvu ni ya tope, macho hayafiki chini, kwa hiyo upondo uwe mkononi mwa mtu na usiwe umelazwa chini ya mabenchi.

Halafu ipo injini yenyewe. Hakikisha lile bamba lililo juu ya propela liko karibu usawa na chini ya boti, kwa sababu injini iliyoning'inia chini kuliko inavyotakiwa huchimba mchanga bila faida yoyote. Penye maji haba, punguza moto, yaani kasi ya injini, na uiinue injini kwenye nafasi yake ya maji mafupi, lakini tundu la kuvutia maji ya kupoza libaki ndani ya maji. Ukiona ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma umepungua, zima. Usiifunge injini kwa kamba ili isiruke. Imeundwa iruke inapogonga ikienda mbele, na huko kuruka ndiko kunakoiokoa. Ukienda kinyumenyume, injini nyingi hujifunga zisiinuke, kwa hiyo usijikwamue kwa kurudi nyuma na moto mwingi. Zima, inua, sukuma kwa upondo. Ushauri huu nimewapa vijana wengi, nao hutikisa kichwa kwa heshima, kisha hurudi nyuma na moto mwingi.

Sasa kizimba, mdogo wangu. Kitapunguza mwendo na kuongeza matumizi ya petroli, kitanasa majani na nyavu, na kwenye fungu la mchanga kitakushusha chini zaidi kwa kuwa nondo zake zinapita chini ya propela. Kina maana kwa boti inayofanya kazi karibu na waogeleaji. Kwa mtoni, fedha hiyo nunua propela ya akiba ya alumini yenye vipimo vile vile, pamoja na nati, pini na spana ya kufungulia. Alumini hupinda au kumeguka, gia ikabaki nzima, na bei ya propela huwezi kuilinganisha na bei ya gia. Unapoibadilisha, chomoa kwanza kamba ya kuzimia injini, na uifanyie kazi hiyo ukiwa ndani ya boti, maana mito yetu ina mamba.

Na ukishagonga, hata kama propela inaonekana nzima, ukifika nyumbani legeza skrubu ya chini ya gia utazame oili. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshapita kwenye sili, na injini hiyo isiingie tena mtoni kabla fundi hajaifungua, hata mgeni akikuongezea fedha.