Mie ndie niliekuwa na usukani

Swali lenu la wiki hii mumeuliza mtoto anaekwenda kwa miguu akigongwa na gari lawama ya nani, dereva, mzazi au mtoto mwenyewe. Najua wengi watakimbilia kwa mzazi. Mie najibu kama mtu aliegonga.

Ilikuwa Ramadhani, miaka imepita kidogo, natoka mjini narudi shamba, magharibi inakaribia, na kila mtu hapa Unguja anaijua ile saa, gari zinakwenda kama za wizi kila mtu anaikimbilia futari. Gari ya abiria imesimama inashusha watu, mie naipita, mara mtoto wa miaka 7 hivi kachomoza mbele yake, katumwa boflo duka la ng'ambo. Nikakanyaga breki lakini wapi. Mguu ulivunjika mahala pawili, alhamdulillah roho ilibaki.

Sasa yaliofuata ndio yanayonikera mpaka leo. Watu walijaa pale na hata mmoja hakuniuliza ulikuwa unakwenda mwendo gani. Wazee wakasema kadari, wengine wakasema mtoto kajitia mwenyewe, kuna mmoja akaanza kumgombeza mama wa watu pale pale mtoto kalala chini, ati kwa nini umemtuma saa hizi, na bibi yake yule mtoto, kizee wa watu na kanga yake kichwani, akanijia mie kuniomba radhi, "mwanangu tusamehe, huyu mtundu." Nami nikaitikia tu! Nikalipa hospitali, nikapeleka mchele na unga, mambo yakamalizwa barazani, nikatoka pale nasifiwa mtu mwema.

Mie nilikuwa nakwenda 70, nyumba kulia nyumba kushoto. Kwa 70 gari inakula kama mita 19 kila sekunde, kwa hivo toka jicho limuone mtoto mpaka mguu ufike kwenye breki umeshapita urefu wa nyumba nzima na ziada na gari bado haijaanza hata kupunguza. Alie kwenye 30 anakuwa keshasimama kabisa pale ambapo alie kwenye 50 ndio kwanza anaigusa breki. Kwa hivo kosa langu nilikuwa nishalifanya kabla mtoto hajatoka, nililifanya pale nilipotazama saa nikaongeza mafuta. Yeye katokea tu.

Na mtoto wa miaka 7 lawama mumpe ya nini khasa? Chuo cha Kurani sote tumesomeshwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, alielala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe na mwendawazimu mpaka akili imrudi. Mungu hamuandikii, sisi wa barazani tunamuandikia! Na hiyo kadari nayo, sawa kila kitu kwa kadari, lakini Suratun Nisaa aya ya 92 inamzungumza mtu alieua kwa bahati mbaya, hakukusudia, na bado imemuwekea kafara na diya, yaani fidia, kwa jamaa wa maiti ila wakisamehe wenyewe. Haikusema ajali haina kinga kila mtu arudi kwao.

Mzazi ana sehemu yake, kumtuma mtoto avuke barabara kubwa kiza kinaingia si vizuri. Lakini ile nyumba ilikuwepo kabla ya lami, lami ndio ilioifata baraza. Na skuli zenyewe wakati ule zilikuwa za mikondo miwili, asubuhi watoto ukingoni, mchana watoto ukingoni, alasiri wanakwenda chuoni, magharibi wanarudi, huyo mama atamshika mkono mara ngapi na ana wengine watatu nyumbani na chungu jikoni?

Kitu kimoja nilichelewa kukifahamu ni bima. Nilikuwa nayo ya thadi pati, ile ya kumlipa mtu mwengine ukimuumiza, stika imo kwenye kioo, na yule mtoto haikumfikia hata shilingi kwa sababu tuliyamaliza wenyewe hakuna alieandika kitu, trafiki hakuitwa. Mchele wangu ule ulikuwa rahisi kwangu si kwao. Wenzetu Ufaransa toka 1985 wana sheria, mtoto chini ya miaka 16 akigongwa bima ya gari inamlipa majeraha yake hata kama kakurupuka mwenyewe, hawamuulizi ulitazama kulia ulitazama kushoto. Madereva wa kule wapo tu wanaendesha.

Halafu nendeni Jozani mukaone, barabara inapopita msituni pana matuta, yamewekwa kwa ajili ya kima punju maana walikuwa wanakufa sana kwa gari, na yamesaidia. Sina ugomvi na kima. Ila hilo linaonesha tunajua vizuri kwamba wa kupunguza mwendo ni gari, maana hakuna aliemwambia kima atazame kulia na kushoto, wala hatujaenda kumgombeza mama yake.

Pale nilipogonga vijana walijenga tuta lao kwa kifusi na saruji, nami nilichanga mifuko miwili. Halikumaliza miezi mitatu likavunjwa, ati halina kibali. Wakaambiwa waandike barua wapitishe kwa sheha. Barua imeandikwa, nami nimetia saini yangu kwa jina kamili, na chini yake nikaandika mie ndie niliemgonga yule mtoto.