Mtaro unanuka dizeli: ya kushika kabla hujafungua chupa

Mvua za Oktoba zikianza Kigoma, simu nazo huanza. "Afisa, mtaro wetu unanuka mafuta ya gari, watoto wanaumwa vichwa." Na kila msimu nawaona wadogo zangu mnaoanza kazi ya mazingira mkikimbia na chupa za sampuli kabla hata hamjauliza mtaro wenyewe unaanzia wapi. Juzi mmoja wenu kachota maji kwa chupa ya maji ya kunywa aliyoimalizia njiani, kaipiga picha vizuri kabisa, GPS inaonekana pembeni, kisha kaiweka juu ya dashibodi, juani. Picha ilipendeza. Sampuli ilikufa kabla gari halijapanda Mwanga.

Sitawafundisha kujaza fomu, fomu mnazijua kuliko mimi. Haya ni yale ambayo hakuna aliyeniambia, au waliniambia nikawa najua zaidi yao.

1. Kijiti kwanza, chupa baadaye

Utando wenye rangi za upinde wa mvua si lazima uwe mafuta ya gari. Chukua kijiti uuchokoe. Utando wa bakteria wa chuma hukatika vipande vyenye kona, na vipande hivyo havirudiani. Mafuta yenyewe hujizungusha, hujikunja, halafu huungana tena nyuma ya kijiti. Katubuka, maji yanakotuama muda mrefu baada ya mvua, bakteria hao wana makazi ya kudumu. Niliwahi kwenda huko na gari mbili na kiongozi mmoja aliyekuja na wapiga picha wake. Kijiti kilimaliza mkutano ndani ya dakika. Kiongozi hakufurahi, alikuwa ameshaandaa hotuba.

Kijiti kikisema ni mafuta, bado usitishwe na ukubwa wa eneo. Utando wa upinde wa mvua una unene wa mikroni 0.3 hadi 5 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Piga hesabu: lita moja, ikitandazwa kwa unene wa mikroni moja, inafunika mita za mraba 1,000. Huo ni mtaro wa upana wa mita moja kwa kilomita nzima. Kwa hiyo ukiambiwa "afisa, lori zima limemwagika," inawezekana ni bodaboda mmoja aliyeosha kabureta. Wasiwasi uanze pale rangi za upinde zinapopotea na mafuta yakaonyesha rangi yake yenyewe, nyeusi au kahawia. Hapo unene umepanda sana na kuna mtu ana tangi linalovuja.

2. Hapa ni Kigoma, kuna mawese

Hili chuoni hawalisemi. Hapa kuna kina mama wanaokamua mawese na kupika sabuni, na maji ya kuoshea yanaishia mtaroni. Kipimo cha mafuta na grisi kwa hekseni, kiyeyushio cha maabara, hakichagui: kinavuta mawese na dizeli pamoja, kisha kinapima uzito wa jumla. Ukitaka hidrokaboni peke yake, yaani mafuta ya gari, andika kwenye fomu kwamba dondoo, kile kilichovutwa na hekseni, lipitishwe kwenye silika jeli. Silika itashika mawese na kuacha dizeli ipite. Usipoandika, maabara itakupa ulichoomba, yaani namba kubwa isiyo na maana.

Kuna mwenzenu mmoja aliipeleka namba ya namna hiyo mbele ya mwenye gereji, akaisoma kwa sauti nzito, akataja na kifungu cha sheria. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akainama, akachovya kidole mtaroni, akanusa. "Afisa, haya tunaungia maharage." Mafundi wote wakacheka hadi spana zikaanguka. Mpaka leo akipita pale wanamuuliza kama ameshakula.

3. Chupa

Kioo cha rangi ya kahawia, siyo plastiki, na usiisuuze kwa maji ya mtaro, maana mafuta hunata ukutani na utayahesabu mara mbili. Usiijaze hadi ifurike. Usikwangue utando wa juu ukadai ni maji. Kama unataka utando, uchukue peke yake na uandike kuwa ni utando. Tia asidi hadi pH ishuke chini ya 2, barafu papo hapo. Vile vichupa vya mililita 40 vya benzini na wenzake, kemikali za petroli zinazopaa upesi, ndivyo pekee vinavyojazwa mpaka juu, pasibaki hata kiputo.

4. Dumu

Sasa hili nitalieleza kwa kirefu, mnivumilie, maana ndilo linalonifanya niwe mkali mkiniudhi kwenye maegesho.

Miaka ile nilikuwa nimeanza kuaminiwa. Mtaro mmoja unaoshuka katikati ya makazi kuelekea ziwani ulikuwa umejaa mafuta, na katikati ya njia yake kuna sheli. Mkononi nilikuwa na mpango mzuri: sampuli juu ya sheli, sampuli kwenye kalavati la sheli, sampuli mbili chini yake. Mpango huo hata leo ningeupitisha. Tatizo lilikuwa nyuma ya pikapu.

Mnajua kazi zetu. Gari lilelile linalokwenda mtaroni ndilo lililotoka vijiji vya ziwani, na vijiji vile vingine havifikiki ila kwa boti. Siku moja kabla tulikuwa tumerudi na dumu la petroli ya injini, limebaki nusu, kifuniko kimefungiwa na mfuko wa nailoni kama kawaida yetu. Dumu lilikaa bega kwa bega na boksi la barafu. Mimi ndiye niliyelisogeza ili boksi lienee. Kwa glavu. Kisha kwa glavu zilezile nikafungua vichupa.

Mtasema nilipaswa kunusa. Nilinusa! Nilinusa petroli nikafurahi, nikajua tumempata mtu.

Majibu yalirudi na benzini, tolueni na zaileni kila mahali. Kila mahali, jamani. Sampuli ya juu ya sheli, ambayo ilipaswa kuwa safi, ilikuwa na kiasi kilekile na za chini. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi niliketi nikaandika kwamba uchafuzi "umesambaa hadi maeneo ya juu kupitia maji ya chini ya ardhi." Juu ni mlimani. Niliyapandisha mafuta mlima kwa kalamu, na bosi akasaini.

Na kulikuwa na dalili nyingine niliyoikanyaga kwa buti. Mafuta yale mtaroni yalikuwa mazito, yanakaa kwenye nyasi, harufu yake ya dizeli. Petroli ikimwagika juani sehemu kubwa hupaa. Dizeli hubaki ikikutazama. Tena dizeli ina benzini kidogo mno. Macho yangu yalikuwa yameona dizeli na karatasi yangu inasema petroli, nami nikaamini karatasi kwa sababu ilikuwa na muhuri.

Sheli ikafungwa. Mhudumu wa pampu wa zamu ya usiku, kijana mpole ambaye alikuwa akitupa maji ya kunawa, akafukuzwa kwa kosa la kumwaga mafuta ambayo hakuyamwaga. Kina mama waliokuwa wakimwagilia mchicha kwa maji ya mtaro wakaambiwa waache, wakati mchicha uko tayari kuvunwa. Mkutano wa mtaa ukaitwa, na mimi nikapigiwa makofi.

Kisha mwenye sheli akaja na mkemia wake. Mama mmoja mtulivu, miwani imening'inia kifuani. Hakubishana na namba yoyote. Akauliza kitu kimoja: "Blanki ya safari iko wapi?"

Nyie mnaosoma mnajua blanki ya safari. Ni kichupa cha maji safi kinachotoka maabara kikiwa kimefungwa, kinasafiri ndani ya boksi na wenzake, hakifunguliwi, kinarudi kupimwa. Kikionekana na petroli, basi petroli imetoka kwenye safari, haikutoka mtaroni. Ni kichupa kimoja tu. Tulikuwa navyo kabatini. Niliviacha kwa sababu boksi lilikuwa limejaa, na lilikuwa limejaa kwa sababu niliweka soda.

Ripoti ikaondolewa. Lakini ngojeni, aibu ya mbele ya mkemia siyo iliyonikaa. Wakati sisi tunashughulika na sheli, mvua ziliuosha mtaro. Nilipopanda tena, sasa kwa adabu, nikifuata kila kijito kinachoingia, nilifika kwenye uwanja wa nyumba fulani juu kabisa uliokuwa na jenereta kubwa. Enzi hizo mji wetu uliishi kwa umeme wa dizeli, na umeme wenyewe ulikuwa wa mashaka, kila mwenye uwezo alikuwa na jenereta na tangi lake. Chini ya tangi palikuwa na saruji mpya, mbichi, na bomba jipya linalong'aa. Mwenye nyumba akanikaribisha chai. Sikuwa na sampuli hata moja ya kumwonyesha inayoweza kusimama. Nilikunywa chai yake.

Nikishuka nilipita kwa mama mmoja wa mchicha. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nilime nisilime?" Nikamwambia asubiri majibu. Majibu gani? Nilikuwa nimeyachafua mwenyewe.

Kwa hiyo: mafuta ya boti yapande gari jingine, au yasubiri kesho. Mtu aliyejaza tangi la gari asubuhi asishike chupa. Glavu mpya kila kituo. Blanki ya safari kila boksi, hata kama mnakwenda ng'ambo ya barabara. Nikikuta dumu karibu na boksi nalishusha mwenyewe, na ninaposema maneno ninayosema msidhani nawachukia.

5. Pandeni juu

Anzia unapoona mafuta yanaishia, siyo yanapoanzia kelele. Kwenye kila makutano ya mtaro angalia tawi lipi ni safi, ulifute, uendelee na lile chafu. Kama mafuta yanakuja usiku tu, funga pedi za kunyonya mafuta kwenye kila tawi jioni na uzikusanye alfajiri.

6. Vitabu vya sheli

Ukifika sheli usianze na kutisha watu, omba vitabu vya tangi: kilichoingia, kilichouzwa, kilichopimwa kwa fimbo asubuhi. Pengo linalokua siku hadi siku lina maana kuliko pengo kubwa la siku moja. Lakini kuna mtego. Petroli hujikunja ikipoa. Lita 10,000 zikishuka nyuzi joto 10 hupungua kwa zaidi ya lita 100 bila tone kumwagika popote. Lori limetoka Dar es Salaam, limechomwa na jua njia nzima, limeshusha mafuta kwenye tangi lililo chini ya ardhi penye ubaridi. Asubuhi fimbo inasema mafuta yameibwa. Nimeona meneja na mlinzi wake wamekunjana mashati kwa ajili ya fizikia. Ulizeni lori lilishusha lini kabla hamjaandika neno "kuvuja."

Na kama tangi lina maji chini, hilo liandikeni kwa wino mwekundu. Penye tundu la maji kuingia, mafuta nayo yanaweza kutoka.

7. Zuia kabla ya kuchunguza

Mtaro unashuka ziwani, na ziwa hili ndilo mji unalokunywa. Halina haraka ya kujisafisha: maji mengi huondoka kwa mvuke, na yaliyobaki hutokea Mto Lukuga, upande wa Kongo. Kwa hiyo viroba vya mchanga vije kabla ya chupa. Panga viroba, pitisha bomba kati yake: mdomo wa upande maji yanakotoka uzame chini, mdomo wa upande wa pili uwe juu kidogo. Maji yatapita chini, dizeli itabaki juu imezuiwa, muichote. Maranda ya mbao yanasaidia kunyonya yaliyobaki, nayo yakishanyonya ni taka hatarishi, msimwachie fundi seremala.

Sabuni hapana. Najua inafanya utando upotee na kila mtu anafurahi, ila mafuta yamezama tu, yamekwenda kwa dagaa na migebuka yakiwa na sabuni juu yake.

Hiyo yote ni kwa dizeli na oili. Petroli mbichi usiikusanye katikati ya nyumba za watu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala ndani ya mtaro na kwenye chemba, unatambaa hadi kwenye jiko la mkaa la mtu asiye na habari. Hapo ni kuwaita Zimamoto, 114, kuzima majiko, kuondoa watu, na hakuna kuinamisha kichwa kwenye chemba ili "kuhakikisha."

Mkishajenga kizuizi, mwachieni mwenyekiti wa mtaa jina na namba ya mtu wa zamu, na mpite jioni kuangalia. Viroba vitaibwa usiku, hilo msilalamikie, vinashikilia mabati vizuri sana. Muwe na vingine garini. Mbali na dumu.