Fundi Umeme Anajibu: Redio ya Noah Ndani ya X-Trail

Fundi, shikamoo. Nina Nissan X-Trail ya 2003, redio yake imekufa. Mjomba amebadilisha redio ya Toyota Noah yake, akanipa ile ya kiwandani yenye skrini. Fundi wa huku anataka kukata soketi zote, aunge waya kwa waya, na kuchonga dashibodi kidogo ili iingie. Anasema ni kazi ya nusu saa. Nimruhusu? Halafu tukiijaribu kwa betri inaleta maandishi ya Kijapani tu, haiendi popote. – Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Usimruhusu.

Nianze na hayo maandishi. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hutumia kadi ya SD. Ikishachomolewa kwenye umeme wa gari, siku ya kuiwasha tena inadai kadi yake ileile. Ya redio nyingine haiikubali. Mpigie mjomba leo aangalie kwenye droo ya gari, na amuulize aliyeitoa. Kadi isipopatikana, wapo wanaofungua kufuli hizo, lakini usilipe mpaka uisikie ikiimba.

La pili ni kipimo. Chukua rula upime uso wa redio. Tundu la Nissan yako lina upana wa milimita 180 hivi, wakati redio pana za Toyota zina 200. Soma kibandiko cha modeli: ukikuta herufi W, kwa mfano NSZT-W60, hiyo W ndiyo upana wenyewe. Hizo milimita 20 ndizo fundi wako anataka kuzitafuta kwa kisu. Akishachonga, redio yoyote ya kawaida utakayoweka baadaye itabaki na mwanya kila upande, na plastiki iliyochongwa huanza kupasuka kwenye kona. Gari lako halina ubovu hapo. Usilitie kilema kwa ajili ya redio ya bure.

Ushauri wangu: kadi ikipatikana, badilishana na mtu mwenye Toyota inayotumia redio pana, au hata Daihatsu, soketi ya pini 10 na ya pini 6 mara nyingi zinaingia kama zilivyo. Wewe tafuta redio ya milimita 180.

Na kama utakayopata ni ya Toyota lakini yenye uso wa 180, hiyo nitakuunga mkono, ila bila kukata hata waya mmoja wa gari. Muuza spea za mtumba Ilala atakukatia soketi ya Toyota na kipande cha waya zake. Omba kirefu, siyo vidole viwili. Hiyo inaingia kwenye redio. Kwa maduka ya redio za magari Kariakoo nunua soketi mpya inayoingia kwenye waya za Nissan. Kazi yote inakuwa kati ya vipande hivyo viwili, mezani, kwenye mwanga. Siku ukiuza gari unachomoa, linabaki lilivyotoka kiwandani.

Rangi za waya za Toyota zimewaponza mafundi wengi, kwa hiyo soma hapa taratibu. Bluu yenye mstari wa njano ni moto wa kudumu, kijivu ni moto wa swichi, kahawia ni ethi (waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi ya gari), kijani ni taa za usiku. Nyekundu na nyeusi ni za spika! Nyekundu ni chanya ya nyuma kulia na nyeupe ni hasi yake. Nyeusi ni chanya ya nyuma kushoto na njano ni hasi yake. Mtu aliyezoea kwamba nyekundu ni moto na nyeusi ni ethi, akiunga kwa mazoea, anapeleka voti 12 mahali ambapo sauti inatokea. Nimeletewa redio ya namna hiyo imefungwa kwa solotepu, inanuka kuungua, na mwenyewe ameambiwa ilikuja mbovu kutoka Japani.

Upande wa Nissan usiamini rangi, pima. Weka malitimita, yaani kipimo cha umeme: waya wenye voti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ni moto wa kudumu, unaopata 12 ufunguo ukiwa kwenye ACC (hatua ya kuwasha redio kabla ya injini) ni moto wa swichi. Ukivigeuza, redio itasahau stesheni kila ukizima gari. Ukiviunga vyote kwenye moto wa kudumu, itabaki imewaka usiku kucha na asubuhi gari halitashtuka. Spika zitafute kwa betri ndogo ya voti 1.5: gusa waya mbili kidogo tu, utasikia "tak" kwenye mlango wake. Kama spika inaonekana, iangalie. Ikisukumwa nje, ule uliogusa chanya ndio chanya. Na hasi ya spika kamwe usiiunge kwenye bodi ya gari. Kila spika ina waya zake mbili mpaka ndani ya redio. Ukiigusisha ethi unaua amplifaya.

Ukimaliza, usishangae stesheni zikiwa chache. FM ya Japani huanza 76 na zamani iliishia 90. Tangu 2014 wameongeza hadi 95, ila redio za kabla ya hapo nyingi hazifiki. Kwetu ni 87.5 hadi 108. Ekspanda, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena, inashusha masafa, lakini mjini stesheni huingiliana. Mimi napendelea uingizaji wa AUX (tundu la waya wa sauti kutoka kwenye simu) au bluetooth, kama redio inaruhusu.

Habari fundi. Lori letu ni Fuso la voti 24. Dereva amefunga redio ya Corolla, amechukua voti 12 kwenye betri moja. Inapiga vizuri. Kuna ubaya? – Msomaji, Mbeya

Upo, ndugu yangu, na utauona kwenye betri kabla ya redio. Betri zenu mbili zimeungwa kwa mstari, na alteneta inazichaji kwa pamoja. Ile inayolisha redio inatumika zaidi, lakini chaji inayopita ni ileile kwa zote. Hiyo inabaki na njaa kila siku, mwenzake anachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Zipime injini ikiwa imezimwa: kama moja ina 12.2 na nyingine 12.8, kazi imeshaanza.

Nunua konveta ya 24 kwenda 12, ya ampea 10, yenye waya mwembamba wa pili kwa ajili ya kumbukumbu ya redio. Ifunge kwenye chuma, mbali na hita, kwa sababu inapata joto. Weka fyuzi upande wa 24, karibu kabisa na mahali unapochukulia umeme. Betri zikishatofautiana sana, kila moja ichajiwe peke yake kwanza mpaka zilingane, ndipo uzirudishe pamoja.