Mtoto akikuondokea, aondoke na karatasi yake

Kila mwisho wa Julai mlango wangu hujaa mifuko. Nguo za akiba, mabuti ya mvua, chupa ya maji iliyopoteza kifuniko, na ile kofia moja ambayo hakuna mzazi anayekubali kuwa ni ya mwanawe. Juu ya mfuko wa kila mtoto anayeanza shule Septemba huwa kuna bahasha, na hiyo bahasha ndiyo nataka tuiongelee.

Nasema na nyinyi dada zangu, na kaka wachache mliopo, mnaoanza kazi ya kulea watoto wa watu majumbani mwenu hapa England. Mkinipigia simu mnauliza usajili wa Ofsted, wale wakaguzi wa shule na malezi ya watoto, bima, kozi ya huduma ya kwanza, idadi ya watoto mnaoruhusiwa. Maswali mazuri. Ila sijawahi kuulizwa mtoto akiondoka aende na nini, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu.

Mtoto wa kwanza kuniondokea nilimtengenezea folda nene kama kamusi. Picha zaidi ya 200, kila moja na maelezo chini yake, michoro yake ya tangu ana mwaka na nusu, majani makavu tuliyookota bustanini, stika za nyota. Nilikesha siku tatu. Mama yake alilia alipoifungua, nami nikajiona fundi.

Novemba nikakutana na mwalimu wake getini, nimeenda kumchukua mtoto mwingine. Nikamuuliza ile folda aliionaje. Akacheka kidogo, kwa adabu, akasema ipo kabatini, ana watoto 30 darasani na hakupata nafasi ya kuifungua. Kisha akaniambia kwamba wiki tatu za kwanza yule mtoto alikuwa akijikojolea kila siku, wakadhani hajazoea choo. Kumbe alikuwa anaogopa mashine ya ukutani ya kukaushia mikono.

Mimi nilijua! Nilijua tangu ana miaka miwili, kwa sababu maktaba tuliyokuwa tukienda Jumanne ilikuwa nayo, na ilinibidi kila mara niingie naye chooni nimemziba masikio. Katika zile kurasa zote sikuliandika hilo, maana halikuonekana kama jambo la kujifunza, na halikuwa na picha.

Tangu mwaka ule natoa karatasi moja, mbele na nyuma.

Kwanza tuondoe hofu ya bure kuhusu kinachotakiwa. Mwongozo wa serikali wa malezi na elimu ya watoto wadogo tunaoufuata, EYFS, unatumika England tangu 2008, umerekebishwa mara kadhaa, na tangu Januari 2024 sisi tunaolelea nyumbani tuna toleo letu. Ndani yake tathmini ya maandishi inayokuangukia wewe ni moja: mtoto akiwa kati ya miezi 24 na 36 unamwandikia mzazi muhtasari mfupi wa alipofika katika maeneo matatu ya msingi, yaani lugha na mawasiliano, mwili na viungo, na hisia zake pamoja na namna anavyoishi na wenzake. Ile tathmini kubwa ya mwisho wa Reception, darasa la mwanzo kabisa shuleni, ni ya mwalimu. Na mwongozo wenyewe unasema kufuatilia maendeleo kusikutoe kwa watoto kwa muda mrefu wala kukuzamisha kwenye makaratasi. Folda ya picha tengeneza ukipenda, ni zawadi nzuri kwa mama. Mwalimu haihitaji.

Muhtasari wa miaka miwili mwambie mzazi auweke pamoja na kile kitabu chekundu cha kliniki, amwonyeshe muuguzi anayefuatilia watoto, na aupeleke huko mtoto anakohamia. Wengi huutia kwenye droo. Kwa hiyo nami hubaki na nakala yangu.

Sasa karatasi yenyewe. Kwa walezi wapya sentensi ninayoikuta sana ni "Anapenda kucheza na wenzake na anaendelea vizuri." Hiyo inamfaa mtoto yeyote, hata ambaye hujawahi kumtia machoni. Linganisha na hii niliyoandika mwaka jana: "Akitaka kitu hasemi mpaka umwangalie usoni. Usipomwangalia anavuta nguo yako, ukichelewa analala sakafuni. Ukimwambia akuoneshe, anakushika mkono anakupeleka." Mwalimu akisoma hapo, Jumatatu asubuhi anajua la kufanya.

Au chukua hesabu. Mzazi atakwambia kwa fahari kwamba mwanawe anahesabu mpaka ishirini. Kweli anahesabu, kama wimbo. Lakini mwambie akuletee vijiko vitatu vya kuweka mezani: je, analeta vitatu au anakuja na konzi nzima? Mimi huandika vyote viwili, wimbo na vijiko, kwa sababu baina ya hivyo viwili ndipo mwalimu anapoanzia. Na huandika kinachomtuliza akilia, kinachomtisha, analalaje mchana, anakula nini bila vita, na ni nani kati ya watoto wangu anakwenda naye shule hiyo hiyo.

Haya huwezi kuyakumbuka Julai. Nina kalenda kubwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na kila Ijumaa, wakati sufuria iko motoni, naandika mstari mmoja kwa mtoto mmoja. Kwa herufi ya kwanza ya jina tu, maana mafundi wa bomba nao huingia jikoni. Kuna wiki sina la kuandika. Sibuni.

Kuna jambo nataka nikae nalo kidogo, kwa kuwa linatugusa sisi tunaozungumza Kiswahili. Nililea mtoto wa familia iliyotoka Goma. Akiwa na miaka mitatu akahamia nasari, nami kwenye karatasi nikaandika: "Anasema maneno kama saba." Niliyahesabu vizuri, saba ya Kiingereza. Nasari wakasoma hayo, wakaanza mipango ya kumpeleka kwa mtaalamu wa lugha. Mama yake akanipigia simu. "Dada, ni weye uliandika mutoto yangu hajue kusema?"

Aibu niliyoipata siisemi. Mimi wa Tanga, mlezi pekee katika mtaa ule ambaye angeweza kumsikia yule mtoto, ndiye niliyemwandika bubu. Na alikuwa akisema kwangu pia, ila Kiswahili cha kwao kilinipita. Wiki ya kwanza alikuwa akiomba "mayi", nikamchemshia yai. Alikuwa na kiu.

Nikamwomba mama amrekodi nyumbani wakati wa kuoga. Dakika nne. Mtoto anasimulia jinsi paka wa jirani alivyoanguka kutoka ukutani, nani alicheka, nani alikatazwa kucheka. Nikakaa na mama tukaandika upya: sentensi za maneno matano na sita, anasimulia jambo lililopita kwa mpangilio, anauliza "juu ya nini", yaani kwa nini, mpaka uchoke. Nasari wakairudisha nyuma ile mipango. Mwongozo unadai hivyo hivyo: ukiwa na wasiwasi na Kiingereza cha mtoto ambaye kwao wanasema lugha nyingine, zungumza kwanza na wazazi kuhusu lugha ya nyumbani kabla hujasema ana tatizo. Nilikuwa nimeusoma mstari huo. Niliusoma kama unawahusu walezi Waingereza.

Kwa hiyo sasa kila karatasi yangu ina sehemu ya lugha ya nyumbani, na anaijaza mzazi kwa maneno yake. Kama haandiki Kiingereza, anasema, mimi naandika, namsomea, anasahihisha. Naongeza maneno matano ya kumsaidia mwalimu: maji, choo, naumwa, mama atakuja, basi. Nayaandika jinsi nyumba hiyo inavyoyatamka.

Kuhusu njia ya kuipeleka. Karatasi anaiona mzazi kwanza, anaisoma, anaweka sahihi kwamba amekubali niongee na shule moja kwa moja. Bila ridhaa hiyo nampa yeye mkononi, basi. Siitumi kwa WhatsApp, hata mwalimu akiniomba. Naituma kwa barua pepe ya shule ikiwa na nywila, au naipeleka mwenyewe. Picha zenye sura za watoto wengine hazitoki nyumbani kwangu bila wazazi wao kukubali. Nilishawahi kuchapa picha ya kundi, mama mmoja akaikuta kwa jirani yake, na mama huyo alikuwa amemkimbia mume asijue walipo. Sikuhitaji somo la pili. Na kama unaweka taarifa za watoto kwenye simu au kompyuta, hakikisha umelipa ile ada ya kila mwaka ya ICO, ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa za watu.

Mambo ya ulinzi wa mtoto ni jingine kabisa. Ukiwa na kumbukumbu za alama mwilini, maneno aliyosema, simu ulizopiga kwa ustawi wa jamii, hizo haziingii kwenye bahasha ya mzazi hata siku moja. Zinakwenda peke yake, kwa mtu wa shule aliyepewa jukumu la ulinzi wa watoto, kwa jina lake, na unadai uthibitisho wa maandishi kwamba zimefika. Kukosa ridhaa ya mzazi hapo hakukuzuii kama mtoto yuko hatarini. Usipokuwa na uhakika, pigia halmashauri yako simu uulize. Ndiyo kazi yao.

Na deni. Utapata mzazi atakayekuhama ghafla na mwezi wa pesa zako. Ataomba karatasi ya mtoto kwa ujumbe mfupi, bila hata salamu, nawe utatamani kumjibu alipe kwanza. Nami nilitamani. Niliketi na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Lakini deni lina njia yake, mkataba wenu na mahakama ya madai madogo, na mtoto wa miaka minne hajawekwa rehani. Nikaituma. Pesa sijalipwa mpaka leo, na nikimwona yule mama sokoni huwa ninageukia nyanya.

Nakala zangu nazifungia kabatini kwa muda unaofaa, kisha nazichana. Na wiki ya pili ya Septemba huwa napiga simu shuleni, dakika mbili tu, kuuliza kama kuna lolote kwenye karatasi halieleweki. Mwaka jana mwalimu mmoja aliniuliza "basi" inatamkwaje. Nikamfundisha kwa simu. Akairudia mara tatu, na nyuma yake nikasikia mtoto anamsahihisha.