Kuchora mtiririko wa kazi: fuatilia karatasi yenyewe

Mkuu, umesema bosi anataka mchoro wa jinsi malipo ya wasambazaji yanavyopita ofisini kwenu, na ule uliochora umejaa maboksi hadi hakuna anayeuelewa. Mimi ni mtu wa stoo na manunuzi, nakueleza ninavyofanya.

Kompyuta iache kwanza. Chukua faili la ankara moja iliyokwishalipwa, ufuatilie mihuri, saini na tarehe. Nani aliipokea? Ililala meza ya nani? Ukiwauliza watu utaratibu ukoje, watakutajia ule wa kwenye mwongozo. Faili linasema kilichotokea. Kila hatua iandike kwenye kikaratasi chake, ubandike ukutani, maana utavihamisha sana.

Maumbo yanayokutosha ni duaradufu la mwanzo na mwisho, mstatili wa kazi, almasi ya uamuzi, basi. Kiwango cha kimataifa cha alama za michoro hii, ISO 5807 cha mwaka 1985, kina alama nyingi zaidi, lakini kiliandikwa kwa ajili ya mifumo ya kompyuta. Mhasibu wako hazimhusu. Ndani ya mstatili anza na kitenzi: "Linganisha ankara na LPO" (LPO ni ile hati ya kuagizia mzigo kwa msambazaji). Ukiandika "Uhakiki" tu, kila mtu atadhani unafanywa na mwenzake.

Kwenye almasi ndipo michoro mingi inapofia. Swali lijibike kwa ndiyo au hapana, na majibu yote mawili yawe na pa kwenda. "Mzigo uko sawa?" halifai. Uliza "Idadi iliyopokelewa inalingana na LPO?" Tuseme mliagiza mifuko 100 ya saruji, ikashuka 80. Jibu ni hapana, haya, sasa nani anampigia msambazaji? Hapo panahitaji almasi nyingine: "Ataleta iliyobaki?" Ndiyo: stoo wapokee 80, LPO ibaki wazi. Hapana: LPO ifungwe, ilipwe mifuko 80 tu. Nimeona ofisi ambayo mshale wa hapana haukuwepo kabisa, na ankara za namna hiyo zilikuwa zinarundikana kwenye droo, wasambazaji wanapiga simu kila siku.

Halafu gawa ukurasa kwa safu: stoo, manunuzi, uhasibu, meneja. Kila hatua ikae kwenye safu ya anayeifanya. Mshale unapovuka safu, karatasi imebadilisha mikono, na mara nyingi ucheleweshaji uko hapo hapo. Ukikuta karatasi ileile inarudi kwa meneja mara tatu, mwoneshe bosi huo mchoro ukae kimya. Mwenyewe ataona (au atakasirika, inategemea bosi).

Kabla hujaupeleka, mpe mwanafunzi wa fildi ankara iliyo njiani, aoneshe kwa kidole imefikia boksi gani na inayofuata ni ya nani. Akikwama, rekebisha pale alipokwama.

Ukiweka mchoro wako hapa tuupitie, futa majina ya wasambazaji na bei kwanza.