Muulize Fundi: Kilomita chache bila karatasi, au nyingi zenye faili?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimetafuta Porsche Boxster S ya 2002 mwaka mzima, sasa nimebaki na mbili. Gari jekundu lina kilomita 48,000, mwenyewe anasema halijaguswa, ila kitabu cha sevisi kina mihuri mitatu tu na wa mwisho ni wa 2009. La rangi ya fedha limetembea kilomita 162,000, kiti cha dereva kimechubuka, lakini lina faili nene la risiti. Bei zinakaribiana. Rafiki zangu wote wanasema nichukue jekundu. Wewe wasemaje?

JIBU: Marahaba. Rafiki zako wanadhani gari huzeeka likitembea tu. Huzeeka hata likilala, na Boxster za miaka hiyo hazipendi kulala.

Injini yake ina shafti ya kati inayozungusha cheni za kamshafti, yaani shafti zinazofungua vali. Upande wa giaboksi shafti hiyo hukaa juu ya beringi ambayo wenye magari haya huiita IMS, kifupi cha jina la Kiingereza la shafti hiyo, “intermediate shaft”. Beringi hiyo ilitoka kiwandani na grisi yake ndani, imezibwa. Miaka ikipita, oili ya injini hupenya, grisi huoshwa, na oili chakavu yenye unyevu hubaki humo. Ikisagika, taimingi inavurugika, vali na pistoni zinagongana, na injini imekwisha. Si kila gari litapatwa na hilo. Lakini mafundi wanaozishughulikia injini hizi husema linaloendeshwa mara kwa mara na kubadilishwa oili mapema huvumilia kuliko linalofunikwa turubai.

Kuifikia beringi hiyo ni lazima giaboksi ishuke, klachi itoke na flaiwili itoke. Kwa hiyo fungua faili la gari la fedha, tafuta siku klachi ilipobadilishwa. Risiti ikitaja pia beringi ya IMS na sili ya nyuma ya krenki, ujue mwenye gari alikuwa na fundi anayejua kazi. Ikitaja klachi peke yake, basi fundi alifika pale pale mlangoni, akafunga, akaondoka.

Usilipime faili kwa unene. Risiti za rimu na redio zitupe pembeni. Mimi natafuta zile zisizo na mvuto: oili kila mwaka hata kama gari lilitembea kilomita 3,000 tu, mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili kwa sababu hunyonya maji, pampu ya maji, plagi. Tarehe na kilomita zipande pamoja. Nikiona pengo la miaka miwili, nauliza.

Nami niliwahi kupofushwa na mita. Nilinunua Mazda MX-5 yenye kilomita 34,000, mke wangu akaliita “mwali”, maana lilikuwa limewekwa ndani miaka tisa. Mwezi wa kwanza paipu ya maji ilipasuka. Wa pili kalipa za breki za nyuma ziling'ang'ania. Kisha sili zilizokauka zikaanza kuvuja oili, moja baada ya nyingine, na turubai la paa likachanika kwenye mkunjo. Hakuna hata kimoja kilichoharibika kwa kutembea.

Kuhusu jekundu, kwanza hakikisha hizo 48,000 ni za kweli. Kompyuta ya injini hutunza saa ambazo injini imefanya kazi, na fundi mwenye mashine ya kuisoma atakutolea. Gawanya kilomita kwa saa. Zikiwa saa 1,000, wastani ni kilomita 48 kwa saa, inaingia akilini. Zikiwa 3,200, wastani ni 15. Ama gari limeishi kwenye foleni, ama mita imerudishwa nyuma. Kompyuta hiyo hiyo hurekodi mara ambazo injini ilizungushwa kupita kiasi, kwa mfano dereva anapotoka gia ya tatu akitaka ya nne, akaangukia ya pili. Halafu soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 1108 ni wiki ya 11 ya 2008. Kashata za tairi zitakuwa zimejaa, lakini mpira umeshakuwa ubao.

Kama jekundu lingekuwa na faili, ningekwambia kimbia ukalichukue. Bila faili, liko sawa tu ikiwa bei itashuka kiasi cha kulipia beringi, klachi, paipu zote na tairi nne.

Mimi ningechukua la fedha. Mchubuko wa kiti usikusumbue. Viti hivi vina mbavu zilizoinuka na kila anayeingia huzisugua, kwa hiyo unathibitisha mita haidanganyi. Tenga fungu la shokapu na bushi. Kabla ya kulipa, omba filta ya oili ifunguliwe na karatasi yake ikunjuliwe juani. Ikimeremeta vipande vya chuma, aga.

Jambo la mwisho: mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini hii imelala ubavu, kwa hiyo moshi kidogo likiwashwa la baridi ni kawaida. Usiokwisha baada ya dakika moja ndio shida. Ukifika, gusa bomba la moshi kabla hata hujapewa mkono. Likiwa la moto, muulize alikuwa anatoka wapi.